Yah: Neno "Karibu" na Likizo ya Familia Yangu

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Pokea salamu za mtu usiyemjua lakini uliyemtia matatani. Mimi ni fundi wa vitasa na kufuli. Duka langu ni dogo, liko kwenye kona, mkabala na kinyozi, na kamusi yako inakaa kwenye rafu ya funguo, kati ya kopo la grisi na redio. Si pambo. Nimeisoma miaka mingi nikingoja wateja, kuanzia A mpaka pale kwenye T ambapo kurasa zilishikana kwa grisi. Nakueleza haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiyejua kusoma. Nilisoma vizuri, nikakuamini, na ndiyo maana nimeumia.

Malalamiko yangu yanahusu neno moja tu. Neno lenyewe ni "karibu."

Kabla sijaanza kulishtaki, inabidi nikueleze ilikuwaje. Mama watoto wangu ni fundi cherehani. Hajawahi kwenda likizo hata siku moja, kwa sababu shule zikifungwa ndipo yeye anapofunguliwa kazi: sare za watoto wa watu, zote zinatakiwa jana. Mwaka huu alizima cherehani, akavua miwani, akaniambia kwa utulivu ulionitisha kwamba anataka jambo moja tu. Akae mahali penye maji, anyooshe miguu, na mtu amletee chai. Chai ya kuletewa, Ndugu Mhariri. Alisema tangu apate akili hajanywa chai ambayo hakuichemsha mwenyewe, isipokuwa ile ya hospitali alipojifungua, na ile hawezi kuiita chai. Akaongeza kwamba nikishindwa hili, nisimwambie tena neno lolote kuhusu likizo, wala kuhusu mapenzi, kwa maana atakuwa ameshajua uzito wa maneno yangu.

Nilimwahidi papo hapo. Mimi ni mwepesi wa kuahidi. Kesho yake nikapiga simu kwenye hoteli moja ya ufukweni, karani akanitajia bei, nami nikamwuliza kwa adabu kama hiyo ni bei ya kulala au ya kununua jengo. Akakata simu.

Sasa, hapa mtaani wapo wanaoniita Mkono wa Birika. Wananionea. Mimi si bahili hata kidogo, ila roho inaniuma kuona kitu kizuri kinaharibika bure. Na nikiwa nimeshika tama pale dukani, ndipo nilipogundua kitu kinachoharibika bure kila siku, nchi nzima, bila mtu kukiokota. Makaribisho! Hebu fikiria ni mara ngapi mtu anaambiwa karibu katika maisha yake. Mimi nimekaribishwa harusini, nimekaribishwa misibani, nimekaribishwa na watu niliokutana nao kwenye foleni ya benki. Hata daktari wa meno, baada ya kuning'oa jino, aliniambia karibu tena. Sikuwa nimetumia hata moja. Yalikuwa yamelala tu, mazima, mapya, kwenye makaratasi yake.

Na kubwa kuliko yote lilikuwa la binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ni mpima ardhi na anaishi kwenye mji wenye ziwa. Kwenye harusi ya mpwa wetu huyu binamu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlegea kwa furaha, akasema njooni bwana, karibuni sana, njooni hata mwezi mzima, kwetu ni kwenu. Mashahidi wapo. Bibi harusi mwenyewe alisikia.

Nikafungua kamusi yako ili nisije nikafanya jambo kwa kukurupuka. Kwenye K umeandika maana tatu: si mbali, nusura, neno la kumpokea mgeni. Nikatafuta nyota, mabano, onyo, kitu chochote cha kunijulisha kwamba neno hili halitumiki kama lilivyo. Hakuna. Nikafunga kamusi, nikafunga duka, nikamwambia mama watoto apange nguo. Alifurahi mpaka akajichoma sindano.

Yaliyofuata ni haya:

1. Kuhusu maana yako ya kwanza, "si mbali." Nilimpigia binamu simu tukiwa tayari ndani ya basi, ili nisimpe kazi ya kujiandaa. Alicheka sana, akasema haya karibuni, shukeni kituo cha soko, kwetu ni karibu tu. Ndugu Mhariri, mtu huyu ni mpima ardhi. Ana chombo cha miguu mitatu chenye lenzi. Watu wakigombania mpaka wa upana wa kiganja, yeye ndiye anayeitwa kuwaamua. Lakini akishavua ile kofia ya kazini, dunia nzima inakuwa karibu. Tulitembea na masanduku mawili, moja limepoteza gurudumu, likawa linanivuta mtaroni kama mbuzi asiyetaka kwenda. Kila tuliyemwuliza alinyoosha mdomo mbele akasema ni hapo karibu. Muuza matunda alisema karibu. Fundi baiskeli alisema karibu, akaturudisha tulikotoka. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Maswali, akaniuliza: kama hapa ni karibu, mbali ni wapi? Nakuletea wewe swali hilo kama lilivyo.

2. Kuhusu maana ya tatu, niliyoitegemea kuliko zote. (Ya pili nitaifikia. Hiyo ina machungu yake.) Nilibisha hodi kwa kishindo cha mtu aliyealikwa. Akafungua shemeji, mke wa binamu. Shemeji ni nesi, alikuwa ametoka zamu, ana khanga kifuani na mswaki mdomoni. Akatutazama. Akatazama masanduku. Akatutazama tena, akarudi kwenye masanduku. Halafu akatoa mswaki, akasema: "Kariiibuni."

Laiti ungeisikia ile karibuni! Ilianzia juu, ikashuka ngazi moja moja, ikafika chini ikiwa hoi. Kamusi yako haina alama ya sauti hiyo. Mimi niliipokea kama ilivyoandikwa, nikaitikia "Starehe!", nikaingiza masanduku. Baada ya hapo zikafuatana: karibuni ndani, karibuni viti, karibuni maji. Nilizipokea zote, hakuna niliyoiacha ikadondoka. Binamu aliporudi jioni alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema kumbe kweli mmekuja! Nikamwambia ndiyo, na asijisumbue kwa lolote, chumba tumeshachagua. Akashusha pumzi ndefu, akasema basi sawa, hapa ni kwenu.

3. Hilo la "kwenu" nalo naomba ulitolee maelezo. Kwangu mimi, kabati likigoma kufunguka nalifungua. Asubuhi watoto walitaka biskuti, na kabati la jikoni lilikuwa na kufuli. Kufuli, ndani ya nyumba yetu! Nililifungua kwa pini ya nywele, na shemeji alipoingia nikamweleza bila kumficha, kama fundi na mteja, kwamba kufuli lile ni la kitoto na mwizi yeyote angelifungua akiwa anapiga mluzi. Aliokota kufuli lake, akasema ahsante. Hata hiyo "ahsante" naomba uichunguze siku moja, nahisi ina maana ambazo hujaziandika. Kwa kuwa hakuna aliyenizuia, niliendelea. Nikatengeneza kitasa cha mlango wa mbele, nikatengeneza cha chumba cha watoto wao, nikamalizia na cha choo. Kikumbuke hicho cha choo.

4. Karibu chakula. Hapa nadai ulinihadaa mchana kweupe. Nia yangu ilikuwa njema: mezani tulikuwa wengi, shemeji alishaanza kuhesabu vijiko, nikaona nimpunguzie mzigo. Jioni nikaitoa familia matembezini. Nyumba ya jirani, mwalimu mstaafu na mkewe walikuwa wanakula barazani. Tukawaamkia, na mwalimu akanyanyua mkono, akasema kwa sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma: "Karibuni chakula!"

Nikanawa, nikakaa. Nikawaita watoto nao wakae. Mama watoto alinifinya mgongoni, na vidole vya fundi cherehani si vya mchezo, lakini mimi nilikuwa na kamusi upande wangu. Sahani zilikuwa mbili na samaki mmoja. Mwalimu alimtazama mkewe, mkewe akamtazama samaki. Tulikula kwa heshima zote, na tulipomaliza Maswali akauliza kama samaki huyo alikuwa na mdogo wake. Njiani mama watoto alinieleza, ameuma meno kwa hasira, kwamba mtu akikwambia karibu chakula unajibu ahsante, endeleeni, sisi tumeshiba, hata kama utumbo unapiga ngoma. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akaharakisha hatua. Basi nakuuliza wewe, maana nimetafuta.

Jioni iliyofuata mwalimu na mkewe walikula ndani. Jioni ya baada ya hapo mtaa mzima ulikula ndani, milango imefungwa, na sisi tukawa tunapita barabarani tukisikiliza vijiko vya watu.

5. Sasa nafika kwa mama watoto, na utanisamehe mwandiko ukianza kuyumba. Ile kwamba kwetu ni kwenu, kumbe ilikuja na kazi za kwenu zote. Mwanzo alipika kwa sababu shemeji alikuwa amelala. Kisha akapika kwa sababu mara ya kwanza chakula kilikuwa kitamu. Kisha Kifungua Mimba, binti yetu mkubwa, ambaye anajivunia mama yake kupita kiasi, akataja mezani kwamba mama ni fundi. Basi! Cherehani ikavutwa kutoka chini ya kitanda, ikafutwa vumbi. Sare za nesi zikaletwa zipunguzwe, suruali za binamu zikaletwa ziongezwe. Mke wa mwalimu naye akaja na kitambaa kizito, anataka pazia la chumba cha kulia, lisiloonyesha mtu. Akalishona. Mama watoto wangu, Ndugu Mhariri, akiwa likizoni, alimshonea mwalimu pazia la kutuzuia sisi tusimwone akila.

Na chai? Kila aliponiuliza nilimwambia iko karibu. Kesho iko karibu. Maji yako karibu kuchemka. Hii ndiyo ile maana yako ya pili, "nusura," na ndiyo iliyonimaliza.

Siku moja kabla ya kurudi nilipiga moyo konde. Nikamnyang'anya mkasi, nikamwongoza mpaka ziwani (nalo walisema ni karibu), nikamtafutia kivuli. Akavua viatu. Akanyoosha miguu mpaka maji yakamgusa vidole, akafumba macho, na mabega yake yakashuka. Miaka yote hii nilidhani mabega yake ndivyo yalivyo. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Nikamwambia usiinuke, chai inakuja, nikatimua mbio. Nikafika, nikachemsha, nikajaza chupa, nikatafuta kikombe kisicho na ufa. Halafu, kwa udhaifu wa kibinadamu, nikaingia chooni mara moja tu.

Kitasa kile nilikitengeneza vizuri mno. Kiligoma. Bisibisi zangu zilikuwa sandukuni, na sanduku lilikuwa upande wa pili wa mlango. Sasa mtu mwenye adabu, akiwa mbele ya mlango uliofungwa, anasemaje? Niligonga, nikaita: "Hodi!" Na kutoka jikoni shemeji akaitikia, kwa mara ya kwanza tangu tufike akiwa na furaha ya kweli: "Karibu!" Nikagonga tena, hodi! Akasema karibu, pita tu, mlango uko wazi. Nikapaza sauti kwamba tayari niko ndani. Akasema basi vizuri, karibu kiti. Halafu nikasikia anatoka kwenda zamu, anaimba.

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufungiwa chooni akakaribishwa mara nyingi kama mimi, na katika karibu zote zile hakuna hata moja iliyokuwa na ufunguo.

Nilitolewa na binamu, kwa nyundo, watu wa ziwani wakiwa wameshakung'uta mchanga kwenye taulo zao na kwenda makwao. Mama watoto alirudi peke yake, kwa miguu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akapita, akaingia jikoni, akachemsha maji upya, akaniletea chai. Mimi! Niliinywa. Ilikuwa tamu, na nilikuwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Chai ya kuletewa ililetwa, ila ilikosea mtu. Tangu siku hiyo nikimwambia jambo anasema "sawa." Sawa tu. Naomba usinieleze maana ya hiyo sawa, ninaijua.

6. La mwisho ni dogo lakini lina dharau yake: "karibuni tena." Siku ya kuondoka binamu na shemeji walilitamka kwa pamoja, kama kwaya, nyuso zinang'aa. Kisha wakatusindikiza mpaka kituoni kwa gari. Kumbe gari lipo! Gari zima, lenye viti, lilikuwa nyuma ya nyumba limefunikwa turubai muda wote tuliokuwa tunaburuta miguu kwenda hapo karibu. Hawakuondoka mpaka walipoona basi limeng'oa nanga, na hata hapo shemeji aliendelea kupunga mkono kwa muda, kana kwamba anatusukuma. Mimi, kama mtu mstaarabu, nilitoa kichwa dirishani nikawaambia nanyi karibuni kwetu, karibuni sana, kwetu ni kwenu. Kwani ungesema nini kingine? Ndivyo watu wanavyosema.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, naleta maombi yafuatayo kwa ajili ya toleo lijalo. Maana ya kwanza ifutwe, au angalau wapima ardhi wakatazwe kuitumia. Maana ya pili isitumike kamwe mbele ya chai. Ama hii ya tatu, naomba igawanywe yawe maneno mawili tofauti, moja la mlangoni na moja la kweli, na hilo la kweli liruhusiwe kutamkwa tu na mtu aliyeshika shuka safi mkononi. Kila karibu iwe na tarehe ya mwisho wa matumizi, kama maziwa ya pakiti. Kama haya yote ni mazito kwa ofisi yako, basi neno liondolewe kabisa, mgeni akibisha hodi aambiwe "Aa, umekuja," naye ajue pa kusimama.

Kuhusu fidia, sitaki makuu. Nataka chai moja tu. Iletwe hapa kwangu na mjumbe wa ofisi yako, akiwa na sinia na kikombe kisicho na ufa, akabidhiwe mama watoto pale kwenye cherehani, na aambiwe imetoka kwa watu wa maneno. Mjumbe aje kwa miguu. Nimeulizia, ofisi yako iko karibu.

Nisalimie wapiga chapa wote, nisalimie aliyesahihisha herufi K kama bado yuko kazini, na mkeo, na watoto, na mama yako mzazi kama Mungu bado anakutunzia. Ningewaambia wapite siku moja watuone, ila neno la kuwaambia ndilo hilo tunalogombania.

Ni mimi, msomaji wako aliyekuamini kuliko inavyoshauriwa,

Fundi Vitasa
Duka la kona, mkabala na kinyozi

N.B. Barua ilikuwa imeshakunjwa, nalamba gundi ya bahasha, niliposikia "Hodi!" Ulimi wangu, gundi na yote, ulijibu wenyewe: "Karibu!" Naapa sikufikiri. Nilipogeuka nikamwona binamu, na shemeji, na watoto wao, na masanduku yao, kila sanduku na magurudumu yake kamili. Nikatazama masanduku. Nikawatazama wao. Nikarudi kwenye masanduku. Na nikasikia sauti, yangu kabisa, inashuka ngazi moja moja: kariiibuni sana, kwetu ni kwenu.

Mama watoto alikuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni, amesikia yote. Nikajiandaa kwa lolote. Lakini hakununa. Aliwakumbatia, akacheka nao, kisha akamwuliza shemeji swali moja tu: kule kwenu mmemwacha nani? Shemeji akasema hakuna mtu. Wakatazamana, wanawake wawili, muda mfupi sana. Shemeji akafungua mkoba, akatoa funguo, akamwekea mkononi. Mimi ni fundi wa funguo na sijawahi kuona ufunguo unapokewa vile. Nusu saa haikupita, mama watoto ameshapanga nguo, Kifungua Mimba na Maswali wamevaa viatu, na binamu anawapeleka kituoni kwa lile gari. Pale mlangoni mama watoto alivua aproni yake, akanivalisha, akanifunga kamba kwa nyuma vizuri, fundo la fundi, akaniambia: "Karibu jikoni."

Ni wiki sasa. Nakuandikia na mikono inayonuka vitunguu. Binamu analala kwenye kitanda changu na ameniambia mlango wangu wa uani umekaa upande, ameupima. Sare za watu zinangoja kwenye cherehani, wenyewe wanakuja kuziulizia, nami nawaambia ziko karibu. Asubuhi nampelekea shemeji chai pale alipokaa, miguu ameinyoosha juu ya kiti. Siku ya kwanza aliishika ile chai kwa mikono miwili bila kuinywa, kisha akasema kwamba yeye anawapelekea wagonjwa chai kila siku ya Mungu, na hii ndiyo ya kwanza kuletewa. Nikamwongezea sukari.

Jana ikaingia picha kutoka kwa mama watoto. Kuna miguu, kuna maji yanayogusa vidole, na mkononi kuna kikombe kinachotoa mvuke. Pembeni inaonekana sinia na mkono wa Kifungua Mimba. Chini ameandika kwamba chai imeletwa. Ameandika kwamba likizo imekuwa karibu bure, kama nilivyotaka. Kwamba mwalimu amewakaribisha chakula, wao wakajibu ahsante, tumeshiba, na mwalimu akakataa katakata mpaka wakakaa, na samaki walikuwa wawili. Kwamba kile kitasa cha choo wameking'oa, wamefunga kamba. Na mwisho kabisa: "Ukimaliza huko, karibu. Usije na bisibisi."

Nilifungua kamusi yako, nikalipima hilo neno lake. Haliwezi kuwa "si mbali," maana yuko mbali. Haliwezi kuwa "nusura." Limebaki lile la tatu, kama ulivyoliandika, bila nyota, bila mabano, bila onyo. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, hiyo barua hapo juu ihesabu kuwa haikuandikwa. Usiliguse hilo neno. Usiliguse hata irabu yake moja!

Sanduku langu nimeshalifunga, lile lenye gurudumu pungufu. Nangoja tu wageni waondoke. Binamu anasema ni hivi karibuni.